Nchi Mbili Nilizoziongeza kwenye Fomu ya Felista

Wembley, London
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Hilda,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama unavyopenda mwenyewe kusalimiwa. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa yule mama wa Nachingwea akuletee ilifika, au alijichua yeye njiani ikaisha? Neema, mjukuu wetu, bado anaogopa bata? Mwambie mama yake, Felista, anamuulizia kila siku, hata akiwa amechoka hawezi kuvua viatu. Shemeji mpe pole ya kifua, na umwambie aache kukaa kwenye moshi wa kubangua korosho halafu aseme amerogwa.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Baridi ya mwaka huu si ya kuhadithia, ila nitaihadithia. Jumatatu nilianika shati nyuma ya nyumba. Nilipolifuata nikalikuta limesimama lenyewe, mikono wazi, kama askari wa trafiki. Ikabidi nilishike kiuno niliingize ndani, na mlangoni likanigomea.

Kazini ni kule kule hospitali, na ni kama nilivyokuandikia, bila mimi upasuaji hauanzi. Daktari bingwa amevaa glovu, taa zimewashwa, wote macho mlangoni wanamsubiri Cosmas. Mwezi uliopita lifti zote ziligoma, na chini kulikuwa na Mzungu mnene sana wa kupelekwa juu. Nikampandisha kwa ngazi ghorofa nne, na kitanda chake, na hakuamka. Mwalimu wa kwaya atabisha, namjua. Mwache abishe.

Lakini dada, sikukaa hapa kukuandikia hayo. Kama kuna mtu anakusomea, mwambie atoke nje. Vaa miwani, uisome mwenyewe polepole.

Unaikumbuka barua yangu ya Pasaka, niliyosema Felista ana leseni ya udaktari ya nchi nne: Tanzania, Botswana, Zambia na Msumbiji. Uliniandikia kwamba ilisomwa kanisani, akina mama wakapiga vigelegele vinne, kimoja kwa kila nchi. Niliisoma hiyo sehemu mara nyingi. Niliwasomea na watu wa basi.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Felista alipofaulu mitihani yao yote, tena kwa mkupuo wa kwanza (hili si langu, ni kweli), ikabaki fomu ya kujiandikisha. Bila hiyo hapa hata panadol huruhusiwi kumpa mtu. Fomu ilitaka herufi kubwa na wino mweusi. Mwandiko wa mtoto wako unaujua, kama jongoo aliyetoka kwenye chupa ya wino. Akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye mwenye mwandiko. Mimi nitasema, wewe andika." Nikanawa mikono, nikafuta meza, nikaandika. Palipoulizwa nchi alizosajiliwa kuwa daktari akasema Tanzania na Botswana. Akatia sahihi, akakimbilia basi la Harrow, kwenye ile nyumba ya wazee anakowaogesha na kuwalisha. Kufunga bahasha na kuposti akaniachia mimi.

Dada, pale palikuwa na mistari minne. Miwili imejaa, miwili mitupu.

Wewe unajua tulivyolelewa. Daftari moja watu wawili, wewe mbele, mimi nyuma, na mwalimu wetu wa darasa la tatu, ukiacha mstari mtupu, fimbo mbili. "Karatasi hii imesafiri kuliko wewe!" Mpaka leo nikiona mstari mtupu mgongo unaniwasha. Nikaiangalia ile miwili. Nikajiuliza, alipokuwa hospitali ya kule Ruvuma, wanawake waliokuwa wanavuka mto kutoka Msumbiji na uchungu wao, aliwazalisha nani? Si Felista? Na alipokwenda Botswana, ndani ya treni, katikati ya Zambia, mama alipojifungua kwenye behewa, nani aliyempokea mtoto mpaka kondakta akasema aitwe Felista? Wakati huo nani alimuuliza leseni?

Nikaandika MSUMBIJI, kwa Kiingereza chao, na ZAMBIA, na ile Z yangu yenye mkanda kiunoni. Fomu ikajaa, ikapendeza. Nikabandika stempu. Jioni yake ndiyo nikakuandikia ile barua ya Pasaka.

Kumbe kila nchi iliyotajwa inadaiwa cheti cha mwenendo mwema. Ofisi ya madaktari ya nchi ile ndiyo inaandika kwamba huyu tunamjua, hana kesi, na inakituma yenyewe, wewe hukigusi. Na kikitimiza miezi mitatu kimekufa. Cha Tanzania kikafika. Cha Botswana kikafika. Halafu ofisi ya huku ikaandika: bado viwili.

"Wamenichanganya na mtu," Felista akasema. "Kuna mwenye jina kama langu."

Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nikaendelea kunywa chai.

Akanunua kadi za simu, akapiga Lusaka. Wakamwambia hatukujui, mama. Akapeleka faksi Maputo, ikajibiwa kwa Kireno, akaizungusha kwa watu mpaka akapata wa kumsomea: hatukujui. Akaandika hapa kwamba hajawahi kusajiliwa huko. Wakamjibu, mbona fomu yako inasema umesajiliwa? Huku anasubiri, cheti cha Tanzania kikafa. Cha Botswana nacho kikawa kinahesabu siku. Ni kama nyumba yenye milango miwili, ukishika huu usijifunge, ule unajifunga nyuma yako. Na hospitali moja huko kaskazini ilikuwa imemwekea nafasi, lakini haiwezi kumwekea milele, na kibali chake cha kukaa kimeshikana na nafasi hiyo. Nafasi ikienda, anafungashwa. Atarudi Masasi na vyeti vyote vya shule, na jina la mtu aliyedanganya kwenye fomu ya serikali. Jina hilo litamfuata popote atakapoomba kutibu.

Siku moja alirudi kutoka Harrow akakaa kwenye ngazi, hajavua koti. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kuna mzee wake mmoja, anampenda, huwa anamwita binti. Wakati wa chai mdomo wa yule mzee ukaenda upande. Felista akamwambia msimamizi, huyu ni kiharusi, piga simu ya gari la wagonjwa sasa hivi. Msimamizi akamjibu, "Wewe kazi yako ni chai na nepi. Nesi akija ataamua."

"Na nesi alikuja?"

"Alikuja. Mzee mkono umeshakufa." Akanionyesha mikono yake mwenyewe, hivi, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Hii haina ruhusa, Mjomba."

Dada, nilikuwa najua. Tangu ile barua ya kwanza ya ofisi nilijua. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Mwisho akawaomba wamtumie nakala ya fomu aone nini kimeandikwa. Ikaja Jumatano, yeye yuko kazini. Niliitambua bahasha. Nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikatembea nayo siku tatu. Nasukuma kazi zangu, bahasha iko hapa kifuani, inapiga kelele ya karatasi kila nikiinama.

Mwenye nyumba wetu ni Bibi Shanta. Ni Mhindi mzaliwa wa Lindi, baba yake aliuza vitambaa pale, na Kiswahili chake ni cha dukani kwa baba yake. Jumamosi akanisimamisha koridoni.

"Cosmas, bahasha ya mtoto iko wapi?"

"Bahasha gani, bibi?"

"Wee! Mimi niliona postamani dirishani. Umeshika, umetazama kushoto, umetazama kulia, umetia kotini."

"Ni ya kazini kwangu ile."

"Cosmas, mimi nimezaliwa Lindi. Usiniuzie mimi korosho mbovu. Toa wewe, au mimi nitasema. Ile mtoto analia bafuni na bomba wazi, maji yangu yote anamaliza."

Nikaingia jikoni. Felista alikuwa anamenya ndizi. Nikaiweka bahasha mezani, imejikunja mfano wa kifua changu. Akafuta mikono, akafungua, akaangalia ule mstari wa tatu na wa nne. Nikamweleza yote, mto, akina mama wa Msumbiji, mistari mitupu, fimbo za mwalimu.

"Mjomba," akasema, "Zambia nilipita nimelala."

"Na yule mtoto wa kwenye behewa?"

"Mtoto gani?"

"Aliyeitwa Felista."

Akanitazama. "Mjomba, mimi nilikuhadithia mama aliyetapika. Nikampa maji. Mtoto umemzaa wewe."

Dada, naapa, nilikuwa nimeshamwona yule mtoto. Nilikuwa najua mpaka rangi ya khanga aliyofungwa. Felista akacheka, nami nikacheka, nikadhani tumepona. Halafu kicheko chake kikaendelea mpaka kikawa si kicheko. Hakunitukana. Bora angenitukana. Alisema tu, "Wanadhani mimi ni mwongo. Daktari mwongo anatibu nchi gani, Mjomba?"

Jumatatu tukapanda treni mpaka Harrow kwa mwanasheria, kijana wa Kihindi mwenye haraka, tuandike maelezo ya kiapo kwamba mistari ile miwili niliijaza mimi, baada ya yeye kutia sahihi, bila kumwambia. Akaniuliza jina, nikataja. Elimu? Nikasema, basi, ya kutosha. Akasubiri. Nikasema darasa la sita. Kazi?

"Msaidizi wa upasuaji," nikasema.

Felista akageuka kutazama dirishani. Alitazama mvua, dada.

Mwanasheria akasema, "Hiki ni kiapo, bwana. Hospitali wanakuita nani?"

Nikamwambia. Akaliandika, neno fupi tu. Nilipofika nyumbani nikalitafuta kwenye kamusi ya Felista nijue kwetu tunalisemaje. Ni mpagazi. Unawakumbuka, kwenye kitabu cha historia, wale wa mstari mrefu wenye pembe za ndovu kichwani na Mzungu mbele? Hao. Nasukuma vitanda, dada. Nawapeleka kwenye chumba cha upasuaji, mlango unafungwa, nasubiri nje, nawarudisha. Ni kweli bila mimi hawaanzi. Lakini wakishaanza hakuna anayekumbuka kama nilikuwepo. Na yule Mzungu mnene, zilikuwa ngazi za ghorofa moja, na tulikuwa wanne. Nimeona nikifagia nifagie mpaka uvunguni.

Ofisi ya madaktari imejibu juzi. Kiapo wamekipokea, ila hawajasema kama wamemsamehe. Wamesema vyeti vile viwili vimekufa, viletwe vipya, ndipo wataamua. Hospitali ya kaskazini imempa mpaka mwisho wa mwezi ujao, na wakasema hawaongezi. Cha Botswana Felista amekiandikia mwenyewe. Cha Tanzania ndicho kinachonifanya nikuandikie haraka hivi. Mara ya kwanza kilichukua wiki nyingi kwa sababu hakukuwa na mtu wa kukaa mlangoni kwao.

Wewe na goti lako usiende. Mwambie mdogo wetu Agnes, yuko hapo hapo Dar, aende na hii fomu niliyoiweka humu, aikabidhi kwa mkono, na kila siku mbili arudi kuuliza mpaka waone aibu. Kitumwe na wao wenyewe kwa bahasha iliyofungwa. Asipewe yeye, hata wakimpa. Na pale kwenye fomu utaona mahali pameandikwa nchi nyingine. Felista amejaza moja kwa mwandiko wake wa jongoo, chini kumebaki patupu. Agnes na yeye alisoma kwa mwalimu yule yule. Mwambie, nakusihi, asiguse.

Halafu kanisani. Najua ninachokuomba. Utasimama mbele ya wale wale akina mama uwaambie ni nchi mbili. Mbili zinatosha, wengine hata moja hawana. Ukiona aibu sema Cosmas ndiye aliyeongeza, hawatashangaa. Waombe wamwombee kwa hizo mbili tu, wasije wakampeleka Mungu naye kwenye ofisi isiyomjua.

Felista anakusalimu. Anasema hana hasira na mimi, lakini tangu siku ile kila karatasi anaposti mwenyewe, nami naona ni haki. Jana alinipa bahasha nimuandikie anwani tu. Niliiandika, nikamrudishia.

Nisalimie Shemeji na kifua chake. Nisalimie Neema, mwambie mama yake anahangaikia kupata ruhusa ya kuitumia mikono yake. Nisalimie Agnes kwa ukali kidogo. Nisalimie mama mkwe wangu, lakini hayo ya kazi yangu mpe taratibu, ana presha. Na mwalimu wa kwaya mwambie safari hii alikuwa na haki ya kubisha.

Ukurasa huu umebaki na mistari sita. Nimeihesabu. Naiacha.

Mdogo wako,
Cosmas, mpagazi