Acheni Ndoo Zenu Hapa

Mpui, 12 Mei 2024

Mpendwa kaka Eustaki,

Shikamoo kaka, na Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Kipili? Kifua chako kinasemaje na upepo huo wa ziwani? Wifi na watoto hawajambo? Huku tu wazima, ila baridi imewahi, asubuhi maji ya kunawa yanauma vidole. Barua hii nimempa konda wa basi kwa sababu kwenye simu unapiga kelele na mtandao unakatika, nami nina neno refu.

Ile kazi nimeipata. Kikundi chetu cha akina mama wa parokia kimenunua mashine ya kusaga, ya injini ya dizeli, wakanichagua mimi niiendeshe kwa kuwa nilikwenda yale mafunzo ya Sumbawanga. Tangu marehemu baba Avelina atutoke, sijapata kazi ya kunisimamisha hivi.

Lakini inanishinda, kaka. Injini inawashwa kwa hendeli. Nikiishika, nasema moyoni leo itanigomea, na kweli inanigomea. Wateja nawaambia mapema, "Jamani msinitegemee sana, bado najifunza, mwenye haraka aende mashine ya barabarani." Naona ni heshima kumwambia mtu ukweli. Basi wanabeba ndoo zao wanakwenda. Na Isdori, yule anayeshinda pale kwenye benchi, ananiambia, "Mama Avelina, hiyo siyo sufuria ya ugali."

Mwenyekiti wetu, Mama Silvana, amenieleza kwa upole kwamba baada ya mavuno kamati itakuja kunitazama nikifanya kazi. Wasiporidhika, mashine atapewa Isdori. Kila asubuhi nasali kabla ya kugusa hendeli. Wewe ndiye fundi wa injini, nifanyeje?

Mdogo wako,
Bertilla


Kipili, 26 Mei 2024

Mdogo wangu Bertilla,

Marahaba, na milele amina. Kifua kimetulia, wifi yako ananinywesha tangawizi mpaka jasho langu linanukia chai. Watoto wazima.

Nimecheka, halafu nimekasirika. Mama ntilie akisimama mlangoni akawaambia watu chakula chake hakina uhakika, nani ataingia? Hiyo siyo heshima, ni woga uliovaa kitenge cha Jumapili.

Sasa sikiliza. Juu ya injini kuna kile kiwiko cha kuachia pumzi. Unakiinua, unazungusha hendeli mpaka gurudumu lishike kasi, ndipo unakishusha, na hapo hapo injini inakuwa nzito. Pale ndipo unapoachia wewe, nakujua. Umeshajiambia haitawaka, na mkono unatii ulichouambia. Usiachie. Vuta mzunguko mmoja zaidi kama mtu mwenye hakika. Kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake, hendeli ikirudi nyuma isikuvunje.

Ila usije ukasema kaka kaniambia imani inatosha. Moyo haujazi tangi. Kagua dizeli, kagua oili, ndipo uamini. Na hiyo sala yako, naona unaomba kama mtu anayeaga. Omba kama mtu anayekwenda kazini.

Mwambie Isdori hata hiyo sufuria ya ugali hajawahi kuiweza.

Kaka yako,
Eustaki


Mpui, 16 Juni 2024

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko, na tangawizi bado inamiminwa? Sisi tunamshukuru Mungu, tunavuna mahindi.

Nimeacha lile neno langu. Alikuja bibi mmoja na ulezi wake, mdomo ukawa umeshafunguka niseme "msinitegemee", nikaumeza. Nikasema, "Bibi, acha ndoo yako hapa, nenda kaote jua." Nikazungusha hendeli mpaka gurudumu likashika kasi. Nikashusha kiwiko, ikawa nzito, nikavuta. Ikawaka! Niliimba kwa sauti mpaka Isdori akauliza hapa ni kwayani au ni mashineni.

Siku nyingine bado inakataa, lakini wateja wanabaki, na ndoo zimeanza kupanga foleni. Kamati inakuja Jumamosi ya tarehe 13 Julai. Niandikie kabla ya siku hiyo. Hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Bertilla


Kipili, 28 Julai 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata na siku yako nimeiacha ipite, unisamehe. Wifi yako ndiye amenikalisha chini leo. Hapa nyumbani afya ipo, na kifua ni kizima.

Mwezi wa sita nilitengeneza injini ya boti ya Mathias. Nikamwambia nenda, haina neno. Ikamzimikia katikati ya ziwa, wakavutwa na boti ya watu wengine. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Lakini tangu hapo nikipita mwaloni kwa wavuvi wananiita Fundi Kasia, eti nikikutengenezea boti ubebe na kasia. Injini amenirudishia, iko uani chini ya turubai. Sijaigusa. Karakana sijafungua. Naona mikono yangu imekwisha kazi. Kuna mtu Namanyere anatafuta mlinzi wa ghala, nimemwahidi jibu mwisho wa Agosti.

Nilishindwa kukuandikia maneno ya moyo wakati wangu umelala. Kamati ilisemaje? Niambie hata kama ni mabaya.

Kaka yako,
Eustaki


Mpui, 4 Agosti 2024

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Leo sikuulizi habari za kifua. Nauliza, unalala? Unakula? Mpe wifi pole na asante, kwa kukukalisha.

Kamati ilikuja, wote na vitenge vya kikundi kama sikukuu. Isdori alikuwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi! Nikavuta hendeli, kimya. Nikavuta tena, kimya. Isdori akasimama. Akina mama wawili wakaanza kunyanyua ndoo zao.

Zamani hapo ningesema, "Si niliwaambia?" Lakini mikono hii hii ilikuwa imeshaiwasha mara nyingi. Nikasikia sauti yangu, "Acheni ndoo zenu hapa. Hii inawaka. Kuna kitu kinaizuia." Na nilipokwisha kusema hivyo, ndipo macho yakaanza kutafuta. Miezi yote ile niliyodhani kosa ni mimi, sikuwahi kutafuta kitu! Nikafungua chujio la dizeli, nikakuta maji. Pipa letu lilibaki nusu, likakaa nje kwenye baridi hii, likatoa jasho kwa ndani. Nikamwaga yale maji, nikatia dizeli safi ya kwenye dumu, nikatoa hewa kwenye mpira wa dizeli kama tulivyofundishwa. Nikarudi kwenye hendeli. Nikavuta.

Mama Silvana alipiga kigelegele mpaka kilemba kikamdondoka. Kazi ni yangu, kaka. Isdori amekuja mwenyewe kuuliza kama nataka mtu wa kubeba magunia. Nimemchukua. Anabeba vizuri, mdomo haujapungua.

Sasa wewe. Umeniandikia injini ya Mathias ilizimika, hukuniandikia kwa nini. Hujui, kwa sababu hujaifungua. Labda ni maji. Labda ni uchafu wa ziwani. Labda kweli ulikosea wewe, basi utarekebisha na utamwambia Mathias hivyo. Lakini umekwisha kujihukumu bila kulegeza hata boliti moja. Ningefanya hivyo mimi ungenifokea mpaka Mpui isikie. Na ulinzi wa ghala, wewe na usingizi wako huo? Wataiba hadi mlango uliouegemea.

Nimepeleka nia ya Misa ya Jumapili ijayo. Sikuandika kwamba ni ya pole. Nimeandika, kwa ajili ya kazi ya mikono ya kaka yangu.

Konda anakuletea na unga wa ulezi niliousaga mwenyewe. Kunywa uji kwanza, ushibe, halafu ondoa turubai.

Nijibu upesi, kaka, uniambie umekuta nini ndani.

Mdogo wako akupendaye,
Bertilla