Mashine Iliyovaa Katambuga

Jumatatu, 3 Machi
Ukiliokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Usimsomee mtu hata neno moja. Naweza kupoteza kazi.

Nimefungua barua za ofisi ya kata kama kila asubuhi. Ya tatu inanilalamikia mimi. Mwandishi hajui. Ni muuguzi aliyepanga upande wa pili wa nyumba yetu mwezi uliopita. Anakesha kazini, analala mchana. Hatujawahi kuonana. Anasema jirani yake ana mashine ya mbao, inaanza saa kumi jioni, naye hapati usingizi. Juzi nusura ampe mgonjwa dawa ya mwingine. Anaomba mashine iondolewe.

Ni randa ya umeme ya marehemu baba. Barua nimeificha kwenye droo. Sijagonga muhuri.

Jumanne, 4 Machi
Sauti inapita wapi? Nimejaza viroba makapi ya maharage kutoka mashamba ya Rhotia, nikavipanga ukutani. Nimengoja aende kazini, nikawasha. Kelele imepungua. Kisha nikaweka kiganja ukutani. Unatetemeka!

Alhamisi, 6 Machi
Muuguzi amekuja ofisini. Macho mekundu.

"Samahani kaka, barua yangu imemfikia mtendaji?"

Nikasema inashughulikiwa. Akanishukuru. Akanishukuru! Nimejichukia mchana kutwa.

Jioni, alipoondoka, nimeng'ata rula ya mbao, ncha ya pili nikaigusisha ukutani. Mashine ikawaka, meno yakacheza. Nimegusa nguzo: meno yamecheza zaidi. Kumbe! Baba aliipigilia meza ya mashine misumari kwenye nguzo. Nguzo ndiyo inayobeba ukuta wetu sote wawili.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeng'oa misumari. Nimesogeza meza hatua mbili. Mnadani nimenunua katambuga pea mbili, zile ndala za matairi ya lori, nizitie chini ya miguu ya meza. Muuzaji amenicheka: "Pea mbili saizi moja? Karani, unamvisha punda?"

Jumamosi, 8 Machi
Nimebisha hodi kwake asubuhi, alipotoka kazini. Nimesema yote. Na droo pia.

"Yaani mlalamikiwa ndiye mfungua barua! Haya, kawashe."

Nikaenda kuwasha, yeye akabaki kwake, mkono kwenye kabati la vyombo lililoegemea ukuta wetu. Nikazima, nikarudi: vikombe havikulia.

"Nakusikia kama mtu anasaga mahindi kijiji cha pili," akasema. "Lakini barua yangu ifike."

Jumatatu, 10 Machi
Nimegonga muhuri. Nimeandika tarehe ya kweli niliyoipokea. Nimeipeleka, nikakiri kwamba mashine ni yangu na kwamba sasa haisumbui.

Mtendaji amesoma, akanitazama juu ya miwani. Mashine ibaki, mradi muuguzi analala. Ila ameniagiza nichape barua ya onyo. Yangu mwenyewe. Nimechapa bila kosa.

Jioni nimeranda ubao mmoja. Upande wa pili kimya. Nadhani ni usingizi.

Nimembandikia muuguzi karatasi mlangoni: Ukinihitaji, usiandike barua. Chukua mwiko, gonga ukuta mara tatu, pale kabati lilipo. Nitakuwa upande huu, mkono karibu na swichi.