Mchumba Wangu Anaupenda Wimbo wa Marehemu

Mpendwa Shangazi Anyes, mwangaluka? Naomba unisaidie maana nimefika mahali sijui hata nianzie wapi, safu yako huwa naisoma kila wiki hapa dukani wateja wakiwa hawapo, nacheka matatizo ya wenzangu, leo zamu ni yangu, na nikichanganya maneno univumilie.

Naitwa Milembe, jina langu liache kama lilivyo maana Usukumani kina Milembe ni wengi kuliko mbuzi, kwetu ni Ngulyati ila nauza duka la pembejeo hapa Bariadi mjini, mbegu, dawa za pamba, mabomba ya kupulizia, na mwezi wa nane pamba ikishauzwa naolewa. Mchumba wangu ni Ladislaus, afisa ugani, mtu wa Sumbawanga aliyeletwa huku na serikali, tulifahamiana alipokuja kukagua kama tunauza dawa zilizokwisha muda akakuta nimeshaziondoa mwenyewe, akacheka, akasema basi leo hapa sina kazi, na kesho yake akarudi tena, na keshokutwa, kuja kutofanya hiyo hiyo kazi. Ni mtu mzuri, Shangazi. Anawaamkia wazee wetu kwa Kisukuma cha kuvunjikavunjika na wazee wanampenda hivyo hivyo.

Sasa kabla yake alikuwepo Bujiku. Bujiku alikuwa manju, ndiye aliyetunga na kuongoza nyimbo kwenye kundi la ngoma la kwetu, na ndiye mwanaume wa kwanza niliyempenda, tangu nikiwa binti wa kuchota maji naye akipitisha ng'ombe wa baba yake makusudi pale kisimani ambapo ng'ombe hawatakiwi. Siku moja nilikwenda kumwangalia akicheza, mvua ikashuka, watu wote wakakimbia, mimi nikabaki nimesimama uwanjani namngoja avue njuga zake, nikalowa chapachapa, na kesho yake akatunga wimbo wa kunicheka. Ndani yake ananiita kwa jina, Milembe, Milembe, halafu anasema, kwa Kiswahili ninavyoweza kukigeuza: Milembe wa Ngulyati, nikichelewa usinisubiri kwenye mvua, mvua haina adabu, ukiona nyumba yenye moto ingia ukaote, mimi mguu wangu ni wa ngoma, haujui saa ya kurudi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilinuna, lakini moyoni nilikuwa naona fahari.

Alikuwa ameshatuma washenga nyumbani. Masika yale walitoka kucheza kijiji cha Migato wakakuta mto umejaa, wenzake wakamwambia subiri maji yapungue, akasema mimi nawahi, akaingia. Shangazi, hapo siwezi kuandika zaidi. Mimi na mama yake, mayu Martha, tulilala mkeka mmoja siku zote za msiba, na mpaka leo nikienda Ngulyati siwezi kupita bila kuingia kwake, ananiita mkwe, naitika.

Ila wimbo haukufa. Kundi lilikuwa limeshaurekodi, na kila siku ya gulio wale vijana wanaowawekea watu nyimbo kwenye memori kadi wanaupiga kwa spika tangu asubuhi, kwa hiyo mimi nikienda kununua nyanya marehemu ananiita, nikirudi na nyanya marehemu ananiita.

Na ni pale pale gulioni Ladislaus alipousikia akaupenda, Kisukuma hakijui, alichoshika ni jina tu, akanigeukia akicheka akasema, "Hawa wamekuimbia wewe!" nami badala ya kusema ndiyo nikasema kina Milembe ni wengi. Akauweka kuwa mlio wa simu yake. Sasa yuko kwenye mkutano na wakulima anaeleza habari za viwavi, simu inalia, yeye kwanza anacheza mabega ndipo anapokea, wakulima wanatazamana, wanacheka, naye anafikiri wanafurahia anavyopenda mila zao. Hakuna anayemwambia. Watu wa kwetu wana heshima ya ajabu, mgeni akikalia siafu wanaona aibu kumwambia ainuke.

Juzi akaja dukani Kasmiri, aliyeshika uongozi wa kundi baada ya Bujiku, akasimama kwa muda anaangalia mabomba ambayo hayanunui, mwisho akasema, "Dada, shemeji amekuja kutukodi kwa harusi. Anataka tuupige wimbo ule mkiwa mnaingia ukumbini. Anasema ni zawadi yako, usijue." Akaendelea, "Mimi wimbo ule siwezi kuuimba wewe ukiwa umevaa shela. Na mama yake Bujiku umemwalika, atakuwa amekaa pale mbele. Tumwambie nini shemeji?"

Nikimwambia Ladislaus ukweli, atakumbuka kila mahali alipocheza mabega, ataona aibu, atanichukia, ataomba uhamisho arudi kwao. Nisipomwambia, nitaingia ukumbini nimeshika mkono wa mmoja huku naitwa na mwingine, na mayu Martha ananitazama. Nimefikiria Kasmiri asingizie tu kwamba ngoma imepasuka.

Lakini kuna jambo jingine, na hili sijamwambia mtu. Kuna wakati simu ya Ladislaus ilitumbukia kwenye ndoo ya dawa ikafa, na siku zile zile malaria ikamwangusha, nikawa nampelekea uji wa ulezi kila asubuhi kabla sijafungua duka, nikifika namgombeza, mtu mzima anafundisha wenzake kuua wadudu, mwenyewe chandarua amekitundika kama pazia. Alipopona akanunua simu nyingine, na kitu cha kwanza akautafuta wimbo ule. Ulipolia nikaona raha kifuani, halafu nikaogopa. Shangazi, simu yake ikilia nafurahi, na sijui nafurahi kwa ajili ya nani. Naogopa nisije nikawa naolewa na sauti iliyomo kwenye simu ya mtu, na huyu mwanaume hajanikosea kitu. Kama ni hivyo, si bora niivunje harusi mapema?

Nijibu upesi. Yeye hasomi safu yako, anasema ni umbea wa wanawake. Na usinifokee sana.

Milembe, Bariadi

SHANGAZI ANYES ANAJIBU

Mwangaluka, Milembe. Umeomba nisikufokee sana. Nitakufokea kidogo, halafu tutaelewana.

Kwanza pole, mwanangu. Pole ya kweli, maana nadhani hukupewa. Mjane ana mahali pake msibani, watu wanajua wamkalishe wapi na wamwambie nini. Mchumba hana. Washenga wameshakuja lakini ndoa haijafungwa, basi anajibanza kwenye mkeka wa mama wa marehemu, na watu wakishatawanyika anaambiwa wewe bado kijana, utapata mwingine. Ukarudi dukani kuuza mbegu. Na kila gulio wakakupigia sauti yake. Mimi ningekuwa nimeshahama mji.

Sasa kelele zangu. Wewe Milembe! Unamwachaje mtoto wa watu acheze mabega kwenye wimbo wa marehemu wako, kata nzima inatazama, nawe umenyamaza kimya? Na nyie watu wa Ngulyati mnaosoma hapa, heshima gani hiyo? Mgeni akikalia siafu anaambiwa ainuke, basi! Ladislaus hatakufa kwa aibu ya kucheza. Kitakachomuuma ni kujua kwamba wote mlijua, hadi muuza nyanya, na wewe uliyekuwa karibu naye kuliko wote ukasema kina Milembe ni wengi. Kila siku unayochelewa unamwongezea maumivu hayo.

Atakasirika? Huenda. Mwache akasirike, mtu aliyechekwa ana haki yake. Akinuna siku mbili tatu usianze kufungasha mizigo. Na hiyo habari ya ngoma kupasuka, koma kabisa! Njia ya mwongo ni fupi. Leo utapasua ngoma, akiuliza tena kesho utapasua nini?

Unaniuliza unampenda nani. Mimi sikujui, lakini barua yako ninayo hapa mezani, na imekusema. Simu ilikuwa imekufa. Wimbo haukuwepo, Bujiku hakuwa akiita mtu katika nyumba ile. Uji wa ulezi ulikuwa unampelekea nani? Uliamka mapema kwa ajili ya nani, na yule uliyemgombeza habari za chandarua ni nani? Mwanamke anayependa sauti hahangaiki na chandarua, Milembe. Sauti haiumwi malaria. Umempenda mtu mzima na mbu wake, basi hiyo habari ya kuvunja harusi sitaki kuisikia tena.

Na ile raha kifuani isikutishe. Mimi nimezika mume. Redio yake bado naiwasha asubuhi, ile ile mbovu, inayokwaruza mpaka uipige kofi ubavuni, na nikiipiga kofi nafurahi, halafu naendelea na siku yangu. Marehemu tunaruhusiwa kuwafurahia. Kosa ni kuwaficha wale walio hai wasijue tunafurahia nini.

Basi fanya hivi. Jibu hili nimekutumia leo kwenye simu yako, gazetini litatoka wiki ijayo. Majina ya wanaume nimeyabadilisha, lakini wimbo kama huo haufichiki, na hao wanaosema hawasomi safu hii ndio wanaonipigia simu kubishana na mimi. Kwa hiyo usijivutevute. Kesho, mchana kweupe, mkiwa wawili tu, mpigie wimbo wote. Mgeuzie kwa Kiswahili kila neno, usiruke hata moja. Mwambie ni nani aliyeimba, alikuwa nani kwako, na alikufaje. Ukilia, lia. Mwambie na lile la raha kifuani, ndilo gumu, na ukilibakiza hilo hujasema kitu. Usimwambie aufute wimbo. Simu ni yake, atajua mwenyewe.

Akishatulia, nendeni Ngulyati kwa mama Martha. Nendeni wawili, hili si la kwenda peke yako, na msiende mikono mitupu. Ladislaus amwamkie kwa hicho Kisukuma chake kibovu, mama atacheka, na akishacheka mazungumzo yataanza. Mwulizeni yeye kama wimbo upigwe au usipigwe, maana ni wa mtoto wake. Atakalosema, Kasmiri alifuate. Ila hata akisema upigwe, usipigwe mkiwa mnaingia. Pale mlangoni ni wewe na Ladislaus, asiitwe mtu mwingine. Upigwe baadaye watu wameshakula, na wa kwanza kuinuka awe mama mwenyewe. Nawe ukienda kwake baada ya harusi aendelee kukuita mkwe kama anataka, hilo halimpunguzii Ladislaus chochote.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya nikujibu kabla ya barua zote zilizotangulia. Unamcheka Ladislaus kwamba katika wimbo ule alichoshika ni jina tu. Na wewe je? Kisukuma unakijua, umeusikia miaka yote hii, umenigeuzia maneno yake vizuri kabisa, na bado ulichoshika ni jina lako. Milembe, Milembe, basi, umesimama.

Hebu soma tena ulichoniandikia. Mwenyewe alisema akichelewa usimsubiri kwenye mvua. Alisema ukiona nyumba yenye moto uingie ukaote. Alikuwa anakutania, najua, hakuwa anaaga, alikuwa kijana anamcheka mpenzi wake aliyelowa. Lakini alilisema kwa kinywa chake, mbele ya watu, na vijana wa gulio wamekuwa wakikurudishia kila wiki kwa spika.

Bujiku amechelewa, mwanangu. Umelowa vya kutosha. Ingia ndani.

Shangazi Anyes