Jaji Anataka Niseme Nilichokiona Nikiosha Maiti

Mpendwa mshauri, msaada nauomba, ila tafadhali usinihurumie, maana huruma nimepewa mpaka nimeshiba na barua ya kufukuzwa nchini bado ninayo mkononi.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mbili, hapa ugenini nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, nakunja mashuka kutwa nzima, lakini kwetu nilikuwa mwosha maiti, maiti za wanawake, kazi niliyofundishwa na shangazi yangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na neno la kwanza aliloniambia kabla hata sijashika kopo la maji ni kwamba mwosha hana macho wala mdomo, ukikuta kovu, ukikuta mimba, ukikuta chochote, unafunika na sanda na unakwenda nacho kaburini kwako, kwa sababu mwosha naye huoshwa, na siku yako utalala pale pale usiweze hata kujisitiri. Sijavunja neno hilo hata mara moja, hata marehemu mume wangu alipokuwa akinichokoza nimsimulie nilikuwa namjibu subiri zamu yako ujionee.

Sasa ikaja siku nikaitwa kumwosha muuguzi, binti wa watu, aliyekuwa akiongoza mgomo wa wauguzi wenzake, alikamatwa Jumatatu na Ijumaa wakamrudisha kwao amefunikwa, wakasema homa. Nilimwosha mimi, mwenzangu akinimiminia maji, na tulipomaliza tukamvika sanda. Natoka, namkuta mama yake amesimama mlangoni, akaniuliza, "Mwanangu yukoje?" nikamwambia, "Amelala vizuri, mama," nikapita. Wiki haikuisha, wanaume wawili wakaja kwangu na karatasi, wanataka niweke saini kwamba mwili niliouosha haukuwa na alama yoyote, nikawaambia mimi nimeapa kunyamaza, sikuapa kusema uongo, karatasi yenu ondokeni nayo. Kesho yake wakamchukua mwenzangu yule wa kumimina maji na mpaka leo ninapoandika hajaonekana, kwangu wakavunja mlango wakakuta nimeshatoka, na kwa shangazi wameshapita mara tatu kuuliza nitarudi lini.

Nikafika huku nikaomba hifadhi. Afisa aliyenihoji akaniuliza, "Uliona nini?" Nikasema, "Maiti." "Ilikuwaje?" Nikasema, "Ilikuwa imekufa." Akaandika weee, jibu likaja kwamba maelezo yangu hayana kina, siaminiki, na hakuna wa kunidhuru nikirudi. Ati siaminiki! Mimi niliyeaminiwa na mji mzima na wafu wao! Wakili wangu akakata rufaa, mahakama ikapitia faili, na jaji amesema hawezi kuamua kwa karatasi tu, nifike mwenyewe Alhamisi, wiki tatu kutoka sasa, nieleze kwa mdomo wangu. Wakili anasema nisiposema nilichokiona napandishwa ndege. Shangazi kwenye simu analia, anasema siri ya maiti ni siri, bora nirudi nife na heshima yangu. Kufa sitaki, kurudi sirudi, na kumwanika yule binti mbele ya watu wasiomjua siwezi! Hata wewe sikuambii nilichokiona, usiniulize. Niambie tu nifanyeje.

Mkunja Mashuka

JIBU LA MSHAURI

Mkunja Mashuka, mdogo wangu, mimi sikuulizi. Siyo mimi ninayetakiwa kuambiwa.

Ujeuri wako nimeupenda, na Alhamisi ile utauhitaji. Ila kwa yule afisa uliutumia vibaya, na hapo nakusema bila kukuonea haya. "Ilikuwa imekufa"! Mtu kashika kalamu inayoamua maisha yako, wewe unamjibu kama mmegombana kwenye foleni ya maji? Angejuaje kwamba una kiapo? Alichokiona ni mtu asiye na la kusema, akaandika hivyo hivyo.

Shangazi yako simvunjii heshima, kakufunza kazi vizuri. Lakini siri ile iliwekwa kumlinda maiti. Kovu lake, mimba yake, hayo ni yake, yafunike. Alichofanyiwa yule binti si chake, dada. Ni cha waliomfanyia, wamekiacha mwilini mwake, na wewe mpaka leo unawasitiri wao kwa sanda yake. Ulikataa kuweka saini, hongera, nimekuvulia kofia. Sasa mbona unanyamaza huku na kuwafanyia kazi ile ile bure?

Na hayo maneno ya kurudi ufe na heshima yako, nayakataa kabisa. Mwenzako wa kumimina maji, heshima yake iko wapi leo? Kaoshwa na nani? Mwambie shangazi hivyo, kwa upole, maana naye anaogopa.

Nisikilize. Kesho, kabla hujashika shuka hata moja, mpigie wakili. Mweleze kiapo kwanza, kabla ya yote, kwa sababu jambo la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini hukusema mwanzo, na hilo ndilo jibu lako, tena ni la kweli. Mwambie aombe kwa maandishi kesi isikilizwe milango imefungwa na mkalimani awe mwanamke. Wanaweza kukataa, lakini asiache kuomba. Kisha kaa chini uandike kwa mpangilio ule ule uliomwosha nao, kichwa mpaka miguu, kulia halafu kushoto. Mikono yako inakumbuka hata ukijifanya umesahau. Chumvi usiongeze, hata punje, na ukiulizwa usichokiona sema sikukiona. Habari za mwenzako ziweke humo, na shangazi akiona ni salama aseme hao wageni wake walikuja siku zipi.

Sikuahidi kwamba utashinda, mimi si jaji. Lakini ukishindwa, ushindwe umesema.

Na limebaki moja, ulilolipitia haraka haraka kwenye barua yako nami nikaliona. Uliwajibu wale wanaume kwamba hukuapa kusema uongo. Mlangoni pale uliusema, mdogo wangu. Mama aliuliza mwanawe yukoje, ukamwambia amelala vizuri, na nadhani hilo ndilo linalokukaba zaidi ya kiapo.

Alhamisi jaji atakuuliza swali lile lile. Mtazame jaji, umjibu mama.