Siku Ulipoacha Utani, Bibi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huko uliko huitikii, lakini ningeanza bila kukuamkia ungeninunia wiki nzima.

Leo ukungu umeshuka hapa Mlola hadi mlangoni kwako, nikakukumbuka kweli kweli. Uliniita "mgosi wangu", mume wako, tangu sijaota hata jino. Nikichelewa kuleta kuni unanishtaki kwa wageni: "Jamani, mwanamume huyu amenishinda, natafuta mwingine!" Nami najibu kwamba mke mwenyewe hata makande hajui kupika. Wageni hoi! Nimecheka sana katika jiko lile, Bibi.

Nyumbani Lukozi hatukucheka. Baba na Mama walikuwa hawasemeshani, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. "Mwambie mama yako kabichi zinapakiwa kesho." "Mwambie baba yako nimesikia." Na wote wamekaa chumba kimoja! Kila nikiitwa, moyo ulinienda mbio, viganja vikalowa jasho, chakula hakipiti. Nilipofika kidato cha pili nikaanza kuona kwamba nisipokuwepo watapumzika. Walinipenda, sikatai. Lakini Baba ni wa kuamkiwa, si wa kutaniwa kama wewe, ningeanzia wapi kumwambia jambo kama lile?

Likizo ile nilikuja kwako, tukawa tunapukuchua maharage, wewe na mimi. Ukanitania kwamba nimekonda, watu watasema humlishi mumeo. Nikakujibu kwa utani vilevile, "Usijali, karibu utakuwa mjane tena."

Ukacheka. Kisha ukaweka ungo chini.

"Athumani." Hukuwa umewahi kuniita jina langu. "Unafikiria kujiua?"

Nikasema ndiyo. Nililia mpaka nikaishiwa nguvu, nawe ukanifuta kwa kanga yako. Hukunigombeza. "Umefanya vizuri kuniambia," ulisema. "Sasa hutoki machoni pangu." Kesho yake tulishuka wote hospitali Lushoto, ukamwambia daktari, "Mume wangu anaumwa, tena sana."

Kisha ukawaita wazazi wangu. "Mwanangu, mkeo huyo hapo, msemeshe mwenyewe. Mtoto mmemchosha." Baba alikohoa weee, halafu akamgeukia Mama: "Pole na safari." Maneno matatu tu, Bibi, na kifua changu kikaachia. Sikupona siku ile. Hofu ilirudi mara nyingi, nami nikarudi kliniki mara nyingi, lakini nilianza kulala usingizi.

Tumekuzika masika haya, na nyumba yako imepoa. Natamani ungekuwepo, Bibi. Natamani hata zile kelele zako za kuni.

Jana Baba alikuja tupalilie viazi vyako. Alipalilia tuta zima, halafu akasimama, ameegemea jembe.

"Bibi yako aliniusia nikuulize mwenyewe," akasema. "Nimeogopa miaka yote hii. Yale mawazo bado yanakujia?"

Nikamwambia yalinijia tena wiki ile tuliyokuzika, na kwamba nimesharudi kliniki. Nilidhani atanikemea. Akaliacha jembe lianguke, akaketi palepale kwenye tuta na suruali yake safi, akanivuta nikae karibu yake.

"Nieleze, mwanangu. Leo sina haraka."

Nimemweleza yote, Bibi. Pumzika sasa.

Mjukuu wako,
Athumani