Matope Ndani ya Rimu

Embu, Jumapili

Baba mpendwa,

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu Jumanne: pu! Kama kiazi kikubwa kinachodondoka kutoka kwenye gunia hadi sakafuni. Nitakueleza ilitoka wapi. Lakini kwanza, kifua chako kinaendeleaje na baridi hiyo ya Kibirichia? Viazi vya shamba la juu vimestahimili mvua? Mimi ni mzima, ila mikono imekauka kwa sabuni ya kutoa grisi.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema Mjomba amenipatia kazi ya ofisini Kiirua, anataka jibu kabla ya wiki kuisha, na kwamba hukunipeleka chuo kikuu kusoma fizikia ili nije kupiga magoti mbele ya tairi za watu. Sikujibu upesi kwa sababu ya aibu. Wiki hii nilikosea kazini, Baba, na kosa lilikuwa langu.

Jumatatu alikuja Mama Wawira, anayeleta maziwa mjini kwa pikapu kutoka Manyatta. Alitaka tairi mpya za mbele zifungwe na kufanyiwa balansi, yaani kusawazishwa uzito ili zisitikisike. Mvua ilikuwa imenyesha, foleni ni ndefu, na hapa gerejini kwetu mafundi husafisha rimu upande wa nje tu, ule unaoonekana. Nami nikafanya hivyo hivyo. Nikapandisha gurudumu kwenye mashine, likazunguka, nikagongelea vipande vya risasi vya kusawazisha uzito mahali mashine ilipoonyesha, nikazungusha tena. Sifuri nje, sifuri ndani: uzito umesawazika. Mama Wawira akaondoka akinisifu.

Kesho yake, kabla ya saa nne, alirudi.

"Wewe msichana, umenifungia nini huku? Usukani unanitetemesha kama mtu wa malaria! Pale mteremkoni nimebaki kidogo tu nigonge lori. Ungekuja kusoma hotuba kwa matanga yangu?"

Munene, fundi mwenzangu, akacheka. "Profesa, kwani mashine haikusoma sifuri?"

Bwana Nyaga, mwenye gereji, hakuinua hata kichwa. "Ongeza risasi, mama aende. Watu wanangoja."

Kipande cha risasi nilikuwa nacho mkononi. Lakini ikiwa jana ilikuwa sifuri, leo kumebadilika nini? Nikafungua nati, nikashusha gurudumu, nikaligonga kwa mpini wa nyundo. Pu! Bonge la matope mekundu likaanguka kwenye saruji, kubwa kama ngumi yangu. Ndani ya rimu, kando ya pale lilipotoka, palikuwa na alama ya bonge jingine lililokauka na kudondoka njiani. Mashine haikudanganya, Baba. Ilipima nilichoiwekea, na mimi niliiwekea gurudumu pamoja na matope yake.

Nikamwambia Mama Wawira mbele ya wote kwamba kosa ni langu. Kisha nikaanza upya. Nikaosha rimu pande zote mbili, nikang'oa risasi zote nilizogongelea, nikatoa kokoto kwenye meno ya tairi, nikapima upepo, ndipo nikazungusha na kugongelea risasi upya. Akaendesha hadi barabara kuu na kurudi.

"Sasa nashika usukani kwa kidole kimoja," akasema. "Lakini usinizoee!"

Jumatano nilimwomba Bwana Nyaga kila gurudumu lioshwe ndani kabla ya kupimwa.

"Hii ni gereji ama bafu?"

Nikamjibu: "Kama ni lazima nipime gurudumu chafu, basi niruhusu niende."

"Haya, osha. Lakini wateja wakinikimbia, nitakuandama wewe."

Hawajakimbia. Munene naye anaosha, huku akinung'unika kwamba nimemgeuza yaya wa magurudumu. Nawe, Baba, kabla ya kuilaumu pikapu yetu kwa uzee kila inapotikisika, pitisha mkono nyuma ya rimu. Udongo wa huko unanata kuliko huu wa Embu.

Nisalimie Mama, mwambie sweta lake ndilo ninalovaa asubuhi. Nisalimie Nyanya, aliyenifunza kuchagua mbegu za viazi, na dada yangu Makena, mlezi wa mapacha.

Kuhusu Kiirua, nimechelewa kulisema kwa sababu nakuheshimu, tena nakuogopa. Ningeondoka wiki hii, ningekuwa nimelikimbia kosa langu, na kazi hii ndiyo ninayoitaka. Ijumaa nilimpigia Mjomba mwenyewe. Nikamshukuru, nikamwambia nafasi ile asiniwekee. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema utajua kwa barua hii. Jana alinijulisha kwamba nafasi hiyo imeshapata mtu.

Binti yako,
Kendi