Jeneza Lililotoka Langoni Kwangu

Biryogo, Kigali

Kabagwira, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nyumba yako yote. Hujambo? Na shemeji Sangwa, mguu unamwacha alale? Mwambie apunguze chumvi, ingawa najua hapunguzi. Wajukuu wako wa huko Bukoba wabusu wote, hata yule aliyeniuliza kwenye simu kama bado nina meno. Mwambie ninayo ya kumng'ata. Mimi niko mzima. Magoti yananisumbua mvua ikikaribia, basi, na magoti hayajawahi kumzika mtu.

Anayeandika ni Béatha, fundi cherehani jirani yangu, aliyesoma Tanzania. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asinipambe. Simu sikutaka, maana yako huwa mnaiweka spika, na haya si ya kusikiwa na nyumba nzima. Mwaka jana uliniuliza kama utakufa hujaliona kaburi la mama. Sikukujibu. Leo nakujibu, lakini tulia, nianzie mbali.

Ilianza na sinema. Alikuja binti mmoja anaitwa Trinah, kakulia Uganda, kichwa amenyoa kama askari, ila heshima anayo. Alisema anatafuta nyumba ya zamani yenye ua, na ya baba imempendeza. Sinema yenyewe ni ya wakati wa Wabelgiji. Tajiri mmoja anafanya karamu, anakunywa kahawa, anaanguka, amekufa. Anakuja Inspekta mwenye tumbo kubwa kumtafuta aliyetia sumu, na kila nyumba anayoingia kuuliza maswali lazima ale kwanza. Watu wacheke, na watu wasijue muuaji ni nani. Nilimwambia Trinah mimi nimeshajua: ni mjane wa tajiri, kwa sababu hakuna mtu anayeshonewa hariri yote ile ili asimame tu kando. Trinah akafungua chupa. Alikunywa maji.

Ungeuona mtaa wetu usingeujua. Barabara ile iliyopakwa rangi, watu wanapokaa nje kunywa chai, waliifunika udongo mwekundu. Gari jeusi la zamani lililetwa juu ya lori, eti lenyewe haliwezi kupanda mlima. Uani kwangu, ninapoanika mihogo, wakaning'iniza taa za vioo kama za ikulu. Wachoma mishkaki wote wakavishwa tarbushi, na mmoja hajaivua hadi leo. Mimi walinivika baibui la kizamani na ushungi wa kufunika uso. Kazi yangu ilikuwa kutembea msibani bila kusema. Unanijua, waweza kupima ugumu wa kazi hiyo.

Sasa sikiliza hila ya Inspekta. Anatangaza kwamba mama mzee wa tajiri naye amekufa kwa huzuni. Lakini ndani ya jeneza analala yeye mwenyewe, amevikwa sanda, amefunikwa kama mwanamke, yaani yale matao juu na nguo ya kijani ili umbo lisionekane. Anataka asikie nani atateleza ulimi karibu na maiti. Nilimwambia Trinah hilo ni wazimu mara mbili. Kwanza, wanawake wa hapa hawafuati jeneza. Pili, hakuna mtu mwenye akili anayekiri dhambi zake kwa jeneza. La kwanza nilikuwa sahihi.

Sheikh alikataa kuwapa jeneza la msikiti, akasema hilo halichezewi, wakachonga lao. Ijumaa alitangaza kwa kipaza sauti kwamba mtaani kutakuwa na msiba wa uongo, watu wasishtuke. Sawa. Lakini kaka yetu Usumani anasali kwake, mtaa wa Gitega. Unajua tangu alipoapa kwamba hutavuka kizingiti cha baba yeye akiwa hai, kwa kuwa uliolewa kanisani, nami nikamwambia kiapo hicho ni cha kijinga, alinisusa na mimi. Akija Biryogo huchukua kanzu yake kwa fundi na kurudi. Hata langoni kwangu hatazami.

Siku ile wakachagua saa baada ya alasiri. Jeneza likatoka langoni kwangu, waigizaji wanne wamelibeba, sisi wanawake nyuma, kamera mbele. Na msikiti nao ukawa unatoka. Waliokuwa wageni wa mtaa walikimbia kutoa bega, kama ilivyo ada. Hata waliojua kuwa ni sinema walisahau, maana bega la Mwislamu likiona jeneza haliulizi. Waigizaji wakasukumwa pembeni, jeneza likaanza kwenda mbio kama linavyopaswa kwenda. Wazee wakatugeukia sisi wanawake wakatufokea turudi nyumbani, hatuna haya. Trinah alikuwa anapiga kelele wasimame, nao wakamwambia ihangane, vumilia binti, Mungu ametoa na Mungu ametwaa.

Na chini ya jeneza, kanzu mpya begani, alikuwa Usumani. Ameona jeneza la mwanamke linatoka nyumba ya baba. Mwanamke wa nyumba ile ni nani kama si mimi?

Alilia, Kabagwira. Mzee mzima, ndevu zote zile. Alikuwa anasema na ubao wa jeneza kama anayenong'ona dirishani. Alisema Asumini, nisamehe, kila wiki nasema nitakuja na siji. Alisema mwite Kabagwira, aje, nitamfungulia mlango mimi mwenyewe, wewe amka tu.

Aliyelala mle ni muigizaji anaitwa Gatera. Alikuwa ameambiwa asitikisike hata nzi akimwingia puani, na akatii maskini, mpaka aliposikia hilo la amka tu. Likamshinda. Sauti nene ikatoka chini ya nguo ya kijani: pole sana mzee, lakini mimi si Asumini.

Jeneza lilitua lenyewe. Watu walikimbia wakaacha makubazi, mzee mmoja akajifungia ndani ya gari la Wabelgiji. Usumani peke yake hakukimbia. Alifunua nguo, akaona lijitu lenye masharubu ndani ya sanda, akalikamata ukosi akaliuliza dada yangu umempeleka wapi.

Hapo nikafunua uso. Usidhani alinikumbatia. Aliniita mukecuru, bibi kizee asiye na adabu, akasema kwa kuwa niko hai, maneno yake anayarudisha. Nikamwambia mbele ya wote kwamba yaliyowekwa juu ya jeneza hayarudi, amuulize sheikh. Sheikh alijikuna, akasema hukumu ya jeneza lenye Inspekta ndani hajaisoma popote, lakini ahadi ni ahadi. Usumani akaondoka bila kuaga. Kanzu aliiacha pale udongoni.

Niliifua. Kesho yake akaja kuichukua. Akasimama langoni kama mgeni, mimi nikajifanya napepeta mchele. Kisha akaingia. Akakaa kwenye kigoda cha baba, akanywa chai yote, akauliza kama Kabagwira bado anaogopa radi. Nikamwambia bado. Akasema basi uje kiangazi. Atakuja kukupokea stendi ya Nyabugogo mwenyewe, atakupeleka kwa mama, na Sangwa aje pia, ila asianze mambo ya dini kabla hatujala. Na Trinah alipomwomba ruhusa ya kuiacha sehemu ile kwenye sinema, alikubali mradi waonyeshe bega lake tu, machozi hapana.

Sasa lililofanya niikimbie simu. Usumani aliniuliza nilikuwa wapi alipokuwa analia. Nikamjibu nyuma kabisa, kwenye wanawake, ushungi umeniziba sioni. Si kweli. Nilimwona tangu anatoka kwa fundi, kabla hajaliona jeneza. Nilimwona akitazama lango, akitazama ile nguo ya kijani, na uso ukamwanguka. Wenzangu walipofukuzwa warudi, mimi sikurudi. Nilitembea ubavuni kwake njia yote, mkono wangu unagusa mkono wa kanzu yake, na neno moja lingetosha. Sikulisema. Mwanzo nilitaka kujua tu, nikifa, atakuja? Kisha akataja jina lako, nikauma ushungi ili nisitoe sauti.

Béatha ameacha kuandika ananitazama. Andika, mama, sina haya. Huyo Inspekta wao alikuwa amelala. Aliyekuwa kazini ni mimi.

Basi njoo. Usimwambie kaka neno hili, mwache abaki na hasira yake na Gatera, inampendeza. Msalimie Sangwa, wasalimie majirani waliokutunza pale ambapo sisi hatukukutunza. Kitanda cha mama nimekitoa nje kipigwe jua. Na ulete senene wengi. Usumani anasema yeye hawali. Nitamgeuzia mgongo, utaona atakavyochota.

Ni mimi dada yako niliye hai,
Asumini
(dole gumba lake hili hapa chini, Béatha shahidi)